Mogadishu Ilipohesabu Gharama

Katika mazungumzo yetu huku Likoni na Changamwe huzuka mara kwa mara swali hili: taifa lililoanzisha vita, kisha likaona vita hivyo vinalitafuna lenyewe, litatokaje? Wengi hujibu kwamba mchokozi hasikii ila kipigo. Jibu hilo lina utamu wake, lakini historia yetu wenyewe yalikataa.

Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki. Somalia iliwapa mashifta silaha, na redio yake ikawapigia debe. Tusidai kwamba kila mpiganaji alikuwa kibaraka. Tume ya mwaka wa 1962 ilikuta Wasomali wa huko wanataka kujiunga na Somalia, na Uingereza ikayaweka kando maoni yao. Manung'uniko yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, aliyetia kuni motoni anajulikana.

Moto ule uliunguza pande zote. Wabajuni wa bara ya Lamu waliacha vijiji na mashamba, na baadhi ya wajukuu wao ni jirani zetu hapa Kisauni. Serikali yetu nayo iliwakusanya wafugaji vijijini kwa nguvu, mifugo ikaangamia. Somalia, nchi maskini, ilibeba jeshi kuliko uwezo wake. Mwaka wa 1966 Kenya ikafunga biashara nayo, na Mfereji wa Suez ulipofungwa Juni 1967, ndizi zake za kwenda Italia zikabidi kulizunguka bara zima. Yesu alitoa mfano wa mfalme aketiye kwanza kuhesabu askari wake, na akiona hawatoshi hutuma wajumbe adui angali mbali. Mogadishu ilichelewa, lakini ilihesabu.

Ilihesabu kwa sababu ilikuwa na kura. Mwaka huo wa 1967 Rais Aden Abdulle Osman alishindwa, akaondoka kwa amani. Mrithi wake, Abdirashid Ali Sharmarke, akamteua Mohamed Ibrahim Egal kuwa waziri mkuu, mtu ambaye hakufungwa na viapo vya serikali iliyotangulia. Kwanza pande mbili zilikutana Kinshasa, kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika. Kisha, tarehe 28 Oktoba, Egal na Kenyatta wakatia sahihi mkataba Arusha, msuluhishi akiwa Kenneth Kaunda. Matusi ya redioni yakome, mabalozi warudi, hali ya hatari ilegezwe hatua kwa hatua, na kamati ya Kenya, Somalia na Zambia iangalie utekelezaji.

Tazama yasiyoandikwa. Egal hakuungama kosa, wala hakuifuta ile nyota ya bendera ambayo ncha yake moja ilikuwa ardhi yetu. Kenyatta naye hakutoa hata shibiri ya ardhi. Kila mmoja alirudi nyumbani na uso wake. Mogadishu walikuwapo waliomwita Egal msaliti. Akaenda bungeni akajieleza.

Linganisha na yaliyofuata. Oktoba 1969 Sharmarke aliuawa, jeshi likatwaa serikali, vyama vikapigwa marufuku na Egal akatiwa kizuizini. Mwaka wa 1977 Siad Barre aliivamia Ogaden, na hapakuwa na bunge la kumuuliza atarudije. Alirudi Machi 1978, jeshi lake limevunjika. Naona mtawala asiyeweza kuondolewa kwa kura huogopa mazungumzo kuliko bunduki, maana akikiri vita vimemshinda hana pa kujificha.

Lakini mkataba wa Arusha ulikuwa na ufa, nao sharti tuutaje sisi tunaodai mageuzi. Watu wa Garissa, Wajir na Mandera, ambao vita vilipiganwa juu ya vichwa vyao, hawakupewa kiti mezani. Sheria za hatari zilizoahidiwa kulegezwa ziliendelea kuwabana hadi mwaka wa 1991, na ni chini ya sheria hizo, Februari 1984, wanaume walipokusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla.