Kadi za Michoro Zilikwenda Wapi?

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii tunaikariri kila siku darasani, tunaipamba nayo insha zetu, kisha tukitoka nje tunaisahau. Mimi mwenyewe niliisahau kwa muda mrefu, na leo nataka kuungama mbele ya kadamnasi.

Ilikuwa mwaka wa 2021, nami nikiwa bado shule ya msingi. Kaka yangu alikuwa akipiga video za harusi, na alikuwa amedunduiza fedha zake shilingi kwa shilingi ili anunue kadi ya michoro. Kwa asiyeijua, hii ni ile sehemu ya tarakilishi inayochora picha kwenye kioo na kuharakisha kazi za video na michezo. Bila kadi nzuri, tarakilishi ya kaka ilikuwa ikikesha usiku kucha ikitayarisha harusi moja tu.

Siku ya siku ilipowadia, tuliandamana hadi duka moja jijini Nairobi. Loo! Kadi tuliyoitaka ilikuwa moja tu, na bei yake ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile aliyoitarajia kaka. Lakini kando yake vichakataji, yaani ubongo wenyewe wa tarakilishi, vilikuwa vimepangwa rafuni kama vitabu vya maktaba. Kaka alighadhabika.

"Mzee, hii si bei, huu ni wizi," alisema. "Mnaficha mali ndiyo mtuuzie ghali."

"Kijana wangu, hata mimi nimeagiza na hazifiki," mwenye duka alijibu kwa upole. "Kichakataji je? Hivyo viko tele. Kadi ndiyo hakuna."

Tulitoka tukimsonya. Tangu siku hiyo nilimhesabu mzee yule kuwa mlanguzi. Na sikuwa peke yangu. Hata leo bwenini, yakizuka mazungumzo ya ule uhaba wa chipu wa 2020 hadi 2022, utasikia, "Ni walanguzi, bana! Walinunua zote!" Wenzangu, mimi nasema la. Walanguzi walikuwepo, lakini wao si chanzo. Hebu tuulizane swali moja tu: kama ni walanguzi, mbona hawakuvimaliza vichakataji pia? Vyote si chipu?

Jibu la kwanza nililipata katika hesabu za duara, zile tunazozilalamikia kila siku. Chipu hazitengenezwi moja moja. Huchorwa kwa pamoja juu ya sahani nyembamba ya silikoni yenye kipenyo cha sentimita 30, kisha hukatwa. Ni kama mandazi ya jikoni letu. Mpishi husukuma donge moja, halafu huamua: akate madogo mengi au makubwa machache?

Tuchukue kampuni ya AMD, ambayo mnamo Novemba 2020 ilitoa kichakataji cha Ryzen 5 5600X na kadi ya RX 6800 XT. Chipu zote mbili zilichorwa na kiwanda kimoja, TSMC cha Taiwan, kwa mtambo wa kizazi kimoja. Kile kipande cha kichakataji kinachofanya hesabu kina takriban milimita mraba 80. Chipu ya kadi ina takriban 520. Sasa shika kalamu. Eneo la sahani ni 22/7 mara 15 mara 15, yaani kama sentimita mraba 707, au milimita mraba 70,700. Gawanya kwa 80, utapata vipande 880 na ushei. Gawanya kwa 520, utapata 135 tu. Hapo hatujatoa makombo ya ukingoni, ambayo huila chipu kubwa zaidi, maana duara halikubali miraba mikubwa.

Tena kuna kasoro. Chembe moja ya vumbi ikitua juu ya sahani, inaweza kuharibu chipu iliyoangukiwa. Kijiwe kikiingia katika andazi dogo, umepoteza andazi dogo. Kikiingia katika kubwa, je?

Twende kwenye mfuko. Kichakataji kile kilitangazwa kwa dola 299, na kadi ile kwa dola 649. Sahani ya vichakataji, kwa hesabu yetu ya darasani, inaleta zaidi ya dola 260,000. Sahani ya kadi haifiki dola 90,000. Na foleni ya kiwanda ilikuwa ndefu, kwa sababu hata chipu za PlayStation 5 na Xbox mpya, ambazo pia ni za AMD, zilitoka TSMC. Ungekuwa wewe ndiye mwenye donge, ungekata nini?

Intel nayo, muuzaji mkubwa wa vichakataji, ilikuwa na viwanda vyake yenyewe. Vichakataji vyake vingi vya tarakilishi za mezani vya miaka ile vilitengenezwa kwa mtambo wa zamani uliozoeleka, bila kupiga foleni kwa jirani. Zaidi ya hayo, vingi vyao vina uwezo mdogo wa kuchora picha ndani yao, hivyo tarakilishi ya ofisini haikuhitaji kadi hata kidogo. Nvidia kwa upande wake haina kiwanda. Chipu za kadi zake za RTX 3000 zilitengenezwa na Samsung, na ile ya RTX 3080 ilikuwa na takriban milimita mraba 628, kubwa kuliko hata ya AMD.

Jibu la pili ni kwamba kadi si chipu moja. Kadi ni mtambo kamili wenye memori yake ya pekee, chipu ndogo za kudhibiti umeme, ubao na feni. Kichakataji hutoka kiwandani kikiwa kimekamilika, mambo ya umeme na memori unayakuta kwenye ubao wa tarakilishi. Lakini kadi ikikosa chipu ya umeme ya senti chache, haiuziki. Na katika miaka ile ya Korona, vidude hivyo vidogo ndivyo vilivyogombaniwa na watengenezaji wa magari, simu na runinga. Mwenye kutegemea mikono mingi ndiye wa kwanza kulala njaa.

Jibu la tatu ni wanunuzi. Wachimbaji wa sarafu ya Ethereum walitumia kadi za michoro kufanya hesabu zao. Mchimbaji mmoja angeweza kuunganisha kadi sita kwenye kichakataji kimoja cha bei rahisi. Sita kwa moja! Mchezo huo ulikwisha Septemba 2022, Ethereum ilipobadilisha mfumo wake, na kadi nyingi zilizotumika zikamwagika sokoni.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema, "Mbona bei ya kampuni ilikuwa moja na ya duka nyingine? Si ulanguzi huo?" Nakubali. Wapo waliotumia programu za kununua kwa kasi isiyoshindika, kisha wakauza kwa bei ya kuruka. Waliutia uhaba pilipili. Lakini kumbukeni kwamba mwanzoni walivivamia hata vichakataji vipya vya Ryzen. Kufikia katikati ya 2021, vichakataji vilikuwa vimerudi rafuni, nazo kadi zikaendelea kuadimika hadi 2022. Nzi hakileti kidonda, hukifuata. Pale kidonda kilipopona haraka, nzi waliruka wakaenda zao.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu lawama rahisi ina gharama. Mzee wa duka tulimvunjia heshima mbele ya wateja wake kwa kosa ambalo si lake. Na lawama rahisi hutufunga macho. Miaka hii makampuni ya akili bandia yananunua chipu kubwa za aina hii kwa wingi, na foleni ya viwandani imepata wageni wapya. Bei zikipanda tena, je, tutarudia wimbo ule ule wa walanguzi?

Walimu wangu wapendwa, kwa heshima na taadhima naomba jambo moja. Somo letu la tarakilishi lisiishie kuandika barua na kuchora majedwali. Tufunguliwe hata ile tarakilishi mbovu iliyo stoo tuone kilichomo ndani, tujue nani hukiunda na kwa nini.

Kaka alipata kadi yake mwishoni mwa 2022, ya mtumba, kwa bei nafuu, tena katika duka lile lile. Kabla ya kulipa alimwambia mzee, "Nisamehe kwa maneno ya mwaka jana." Mzee alicheka tu akamwambia, "Ulikuwa na kiu, kijana." Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama chini, sikusema neno. Haya niliyoandika ndiyo neno langu, mzee, kama yatakufikia.