Nani Atamzuia Mbuzi wa Mzee wa Kanisa?

Kila masika makanisa yetu hupanda miti ili kuyanusuru mazingira. Jambo hilo ni jema, wala hatulibezi. Huko Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo wa KKKT aliitwa "askofu wa miti" kwa sababu hiyo. Lakini kuiga Kilimanjaro huku Mwadui bila kutazama mvua na ng'ombe ni kujidanganya.

Ukame wa Shinyanga haukuletwa na shetani. Enzi za mkoloni misitu ilifyekwa ili kumwangamiza mbung'o. Baadaye pamba, kuni na mifugo vikamaliza kilichosalia. Mradi wa HASHI ulipoanzishwa mwaka 1986, siri ya ushindi haikuwa miche. Wananchi walifunga malisho, wakafufua ngitili ya mababu, na visiki vikachipua vyenyewe. Aliyeingiza mifugo kwa siri alikabiliwa na dagashida, akatozwa faini mbele ya wenzake. Hekta 600 hivi za mwaka 1986 zilikuwa zimepita 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa tunawauliza wachungaji na mapadre, pamoja na ninyi walimu mnaowatoa wanafunzi darasani kwenda kuchimba mashimo: mwezi wa Agosti, wapiga picha wakishaondoka, nani anamzuia mbuzi wa mzee wa kanisa? Kanisa lina ardhi, na Jumapili husikilizwa kuliko ofisa yeyote. Litenge ngitili yake, litangaze faini madhabahuni, na faini ya kwanza imwangukie mwenye ng'ombe wengi na sadaka nono.