Mpe Mwenzio Kijiti cha Mtini, na Jina Lake Umpe

Kila mtoto wa Pwani aliyepita chuoni huujua mtini kabla hajaujua mkorosho ulio nyuma ya nyumba yao. Akifika katika Juzuu Amma huisoma Sura ya At-Tin, ya 95, aya nane fupi ambazo Mola ameanza kwa kuapa kwa tini na zaituni. Twaihifadhi, twaisalisha, twawasikiliza watoto wetu wakiikariri jioni. Lakini simama pale Kibokoni, Mombasa, au Mkomani, Lamu, umwombe mtu akuchoree jani la mtini. Aghalabu atakuchorea jani la mkuyu, na mwengine atakucheka. Tini aijuayo ni ile kavu, iliyobanwa ikawa bapa, iingiayo madukani Ramadhani ikikaribia.

Basi, wasomaji wapenzi, mti huo umo humu humu nchini mwetu, na wazaa. Haukuja kwetu Pwani, ambako unyevu huyapaka majani yake kutu, bali ulikwenda bara, tena bara ya baridi. Nimeuona Kitale, mji ulio kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, umeegemea ukuta wa matofali kama mzee anayeota jua. Nimeuona Bungoma, chini kidogo, kiasi cha mita 1,400, nyuma ya jiko, kuku wakidonoa matunda yaliyoanguka. Kwa Wabukusu wa huko si mgeni kabisa, kwani nduguye mkuyu wanaye tangu zamani. Wao humwita kumukhuyu, na mwenye sikio la lugha atasikia kwamba ni neno letu hilo hilo, ila limevaa koti la baridi.

Watu hustaajabu mti wa Sham kuota Kitale. Hapana ajabu. Mtini hauogopi baridi. Huko Ulaya hupukutisha majani, hulala chini ya theluji, na hata shina likifa kwa jalidi mizizi huchipua upya. Baridi ya Kitale ni ya kuvaa sweta tu. Kiutesacho mtini pale ni mvua, ianzayo Machi au Aprili na kuendelea miezi mingi, kwa kuwa tunda likiiva mvuani hupasuka na kuchachuka mtini pale pale. Mwenye mti hungoja kiangazi cha Disemba hadi Februari, ndipo aonje tini zenye asali ndani.

Na kuuzalisha? Hapa ndipo penye hadithi yangu. Mtini wa kutegemewa haupandwi kwa mbegu. Vile vikokwa vidogo vikiota hutoa miti isiyofanana na mama yao, na mingi huwa ya kiume isiyo na tunda la kuliwa. Mtini hupandwa kwa kijiti. Hukatwa kijiti cha shibiri moja, unene wa kidole, kilichokwisha kukomaa, chenye vifundo vitatu au vinne. Utomvu mweupe huachwa ukauke, kisha thuluthi mbili hufukiwa katika udongo uliochanganywa na mchanga, kivulini. Mtu wa Bungoma hahitaji kufundishwa haya, kwa kuwa amekulia kwenye pingili za miwa na vijiti vya mihogo. Analohitaji kujua ni kwamba kijiti cha mtini ni kirongo. Hutoa majani kabla ya mizizi, kwa nguvu iliyobaki ndani ya ule mti mkavu, na mwenye pupa huona kimeshika, akakihamisha, kikafa. Tena huko juu kinachokiua zaidi ni maji. Udongo baridi ukilowa kila siku kijiti huoza kutoka chini huku juu kingali kijani.

Nilimkuta mama mmoja wa Kiislamu, mjini Bungoma, aliyekuwa na njia yake. Vijiti vya jamaa zake wa Kitale huvizika yeye kwake, penye joto zaidi, akavilea miezi miwili mitatu katika makopo ya rangi, kisha huvipandisha juu kwa matatu vikiwa na mizizi. Alinifungia viwili kwa ganda la mgomba. Nilipomuuliza bei alinitazama kana kwamba nimemtukana, akasema, “Baba, mimi nilipewa.” Halafu akanieleza alivyopewa na nani, na huyo naye alipewa na nani, hata tukafika kwa fundi mmoja Mhindi aliyekwisha kuhama zamani. Jina la aina yenyewe alilishika vile vile alivyoambiwa, ya zambarau, izaayo mara mbili.

Kitale, kando ya njia, nilikuta habari nyingine. Kijana alikuwa na miche ya mitini mifukoni, mizuri, na bei yake ilinifanya niguse mfuko wangu kuona kama bado upo. Nikauliza, ni aina gani? Akanijibu, “Tini ni tini, mzee.”

Hilo ndilo neno lililonikaa kooni. Tini si tini. Ziko aina mamia kwa mamia, nyeusi, kijani, za manjano, za kukausha na za kula mbichi. Na iko tofauti moja iliyo kubwa kuliko rangi. Ziko tini ziivazo zenyewe, na ziko zisizoiva mpaka aingie mdudu mdogo mithili ya nyigu, akitoka katika mtini wa kiume, alete chavua. Tini mashuhuri za Izmir, ambazo Wazungu waliuita mji wake Smyrna, ni za namna hiyo ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 gazeti moja la San Francisco, Marekani, liliagiza vijiti 14,000 vya tini hizo na kuwagawia wasomaji wake. Naam, gazeti! Vijiti vikashika, vikawa miti mikubwa, na kila mwaka matunda yakaanguka yangali machanga. Watu wakasema Waturuki wamewadanganya, wamewapa takataka. Kumbe aliyekosekana ni mdudu, naye hakupata kukaa huko mpaka 1899.

Mdudu huyo nasi hatunaye. Basi mwenye kununua kijiti kisicho na jina akakilea miaka mitatu Kitale, huenda amelea kivuli.

Sisi tuliosomeshwa na masheikh twajua dawa ya jambo hili, na jina lake ni sanad. Hadithi hatuipokei mpaka tujue fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Yule mama wa Bungoma, ambaye sidhani amesoma ilimu ya hadithi, alinipa kijiti pamoja na sanad yake. Kijiti cha mtini hasa ndicho kinachostahili sanad, kwa sababu si mtoto wa mti ule wa kwanza, ni mti ule ule wenyewe, umehama mkono tu. Mwaka 2006 wanachuoni watatu waliandika kuhusu tini tisa zilizoungua, zilizochimbwa Gilgal karibu na Yeriko, za zaidi ya miaka 11,000. Walizipima wakasema ni za aina iivayo bila mdudu, na kwa hiyo huenda binadamu alikuwa akikata vijiti vya mtini na kuvipanda kabla hajalima ngano. Wengine waliwapinga, nao wana haki yao. Lakini nimependa kufikiri kwamba ukulima wenyewe labda ulianza kwa jirani kumpa jirani kijiti.

Washairi nao wana fungu lao. Inasimuliwa kwamba Yahya al-Ghazal, mshairi wa Andalusi, alipotumwa balozi Konstantinopoli karibu na mwaka 840, alikuta tini zilizomvutia, na kuzitoa nje ilikuwa marufuku. Akaficha mbegu zake katika kamba zilizofunga vitabu vyake, akarudi nazo kwao. (Kwa mbegu, ati! Alibahatisha.) Karne tano baadaye Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa mwaka 1331 akataja ndizi na malimau yetu, alifika Malaga akazisifu tini zake.

Nimetaja marufuku, nasi tulikuwa na yetu. Kitale ndio mji wa mbegu wa Kenya. Kampuni ya Kenya Seed ilianzia hapo 1956, na mwaka 1964 ikatoka mahindi chotara iitwayo 611, ambayo mzazi wake mmoja ni mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador. Sitaidharau, imelisha nchi. Lakini chotara haina sanad ya kurithisha. Mkulima akipanda punje za mavuno yake hapati ile ya kwanza, hivyo kila msimu hurudi dukani. Watu wakazoea hivyo hata sheria ikazoea nao. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilimfanya mtu aliyeuza au kubadilishana na jirani mbegu zisizosajiliwa awe mkosaji, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka 2 na faini ya shilingi milioni 1. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu, Machakos, ikavibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vimekiuka Katiba. Niliposoma hukumu ile nilimkumbuka yule mama na makopo yake ya rangi.

Walakini insafu ni insafu. Anayetaka mbegu zikaguliwe si adui. Miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato wa mihogo ulitoka Uganda ukaingia magharibi ya Kenya, na sehemu ya safari yake uliifanya ndani ya vijiti ambavyo majirani walipeana kwa nia njema. Mtini nao una batobato yake, madoa ya manjano yanayoyakunja majani, nayo huhama na kijiti. Kwa hiyo usimkatie mwenzio kijiti wakati mti umevua majani yote. Mwite aje aone majani kwanza. Mti wenye madoa usiutoe sadaka.

Ukivuka mpaka pale Malaba ukafika Buganda utawakuta waliolishika jambo hili barabara. Mutuba wao, nduguye mtini na mkuyu, hupandwa kwa tawi lililokatwa, nao huuambua gome wakalitwanga likawa nguo. Ufundi huo UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa katika hazina za binadamu. Wanazitambua aina zake moja moja, kila moja kwa nguo itoayo. Hao hawakusubiri kampuni iwaandikie kibandiko.

Gazeti hili haliwezi kugawa vijiti 14,000. Lakini najua tuna wasomaji Kitale, na Kiminini, na Webuye, na Bungoma mjini, waliotoka Pwani au waliooa huko, na baadhi yao wana mtini nyuma ya nyumba ambao huupogoa Januari na kuyatupa matawi. Mwaka huu wasiyatupe. Wayakate shibiri shibiri, wayafunge, na juu ya kila fungu watie kikaratasi kwa wino usiofutika chenye rangi ya tunda, mwezi liivapo, kama liliwahi kuiva bila taabu, na jina la aliyewapa. Vile viwili vyangu sikuvileta Mombasa. Nilimwachia Kitale maalimu mmoja wa madrasa, navyo viko upande wa ukuta upatao jua la asubuhi. Kimoja kimeoza. Cha pili kina majani manne, na maalimu amewakataza watoto wasikivute kuangalia mizizi.