Rails, acha kunyamaza!

Hitilafu inayonikera zaidi ni ile isiyopiga kelele. Mteja anajaza fomu, anabofya, anaambiwa "Imehifadhiwa". Fungua hifadhidata: nambari ya simu haipo! Usikimbilie kulaumu hifadhidata. Tangu Rails 4 ya mwaka 2013, data ya fomu usiyoitaja kwenye permit hutupwa. Ukiwa development utaona mstari mmoja tu kwenye logi. Production, usipoiambia, hata huo hauandikwi.

Ulinzi wenyewe siupingi. Mwaka 2012 Egor Homakov alitumia fomu isiyochujwa ya GitHub kujipa ruhusa ya kuandika kwenye msimbo wa Rails yenyewe, ebo! Lakini kutupa kimyakimya? Mimi huweka action_on_unpermitted_parameters iwe :raise kwenye development.rb na test.rb. Production naiwekea :log.