Kibarua wa Darasa Ana Mwajiri

Mwishoni mwa mwaka 2021 nchi nzima ilikuwa ikijenga madarasa. Sehemu ya mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, uliotolewa kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19, ilielekezwa kwenye ujenzi wa vyumba 15,000, na kati ya hivyo 12,000 vilikuwa vya sekondari. Kila chumba cha sekondari kilitengewa Shilingi milioni 20. Viongozi wa ngazi zote walisifiwa, na wengi wao walistahili. Lakini yuko mtu mmoja ambaye hakutajwa katika hotuba yoyote, naye ndiye aliyebeba karai la zege kichwani tangu msingi hadi linta.

Mwajiri wa mtu huyo ni nani? Mkuu wa Shule akiulizwa, hujibu kwamba ni fundi. Fundi naye hujibu kwamba yeye ni fundi tu, fedha ziko shuleni. Huko halmashauri jawabu ni jepesi zaidi: kazi imefanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti, hakuna mkandarasi. Hoja ya ajabu! Kwa kuwa hakuna mkandarasi, basi na mwajiri naye hayupo.

Utaratibu wenyewe hauna ubaya. Kanuni za Ununuzi wa Umma za mwaka 2013 ziliuruhusu kwa sababu za maana: kazi ndogo zilizotawanyika, au zilizo mbali ambako makampuni yenye sifa hayatarajiwi kwenda kwa bei ya haki. Faida ya mkandarasi inabaki kijijini, na fundi wa kijiji anapata kazi. Lakini kanuni hizo hizo zilitaja pia taasisi kuwa na watumishi wenye ujuzi wa kuitekeleza kazi na kuisimamia. Neno hilo la kusimamia ndilo lililosahauliwa kwa haraka. Usimamizi ukakabidhiwa kwa mwalimu wa Historia, akapewa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, huku vipindi vyake darasani vikimsubiri. Mhandisi wa halmashauri hufika kukagua msingi, na pengine huonekana tena siku ya uzinduzi.

Yanayofuata yanajulikana kwa kila mwalimu aliyepitia kazi hiyo. Fundi huchaguliwa kwa kuwa bei yake ni ya chini kuliko ya wenzake, naye hulipwa kwa hatua: msingi, boma, kupaua, umaliziaji. Bei ikiwa ya chini mno, saruji na nondo hazipunguziki kwa urahisi, maana kamati inazihesabu. Kinachopunguzika ni ujira wa kibarua, ambao hauhesabiwi na yeyote. Basi kibarua hupanda jukwaa la mirunda kwa kandambili, bila kofia ngumu, naye hulipwa jioni ikiwa fundi analo la kumlipa. Fundi akitoweka baada ya boma, shule hutafuta fundi mwingine, na madai ya vibarua wa kwanza hayana mahali pa kupelekwa. Wengine wao ni wazazi wa wanafunzi watakaosoma humo.

Sheria haikumwacha mtu huyu ukiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, isipokuwa yule anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Sheria ya mwaka 2008 inahusu fidia kwa mfanyakazi anayeumia kazini. Kiwanda binafsi kinapokosa hayo, mkaguzi wa kazi huingia na serikali husema maneno makali, nayo ina haki ya kuyasema. Atasema nini mkaguzi huyo akilikuta kosa lile lile nyuma ya shule ya umma, chini ya bendera ya taifa?

Wako wanaojitetea kwa historia. Hukumbusha kwamba baada ya uamuzi wa Musoma wa mwaka 1974 juu ya elimu ya msingi kwa wote, vijiji vilijenga madarasa kwa nguvu zao, wala hapakuwa na aliyedai karatasi. Ulinganisho huo hauna ukweli ndani yake. Katika kujitolea, wote hubeba tofali na wote hawalipwi. Hapa zipo fedha, ipo hesabu ya benki, upo mkataba wa fundi, na aliye nje ya maandishi hayo yote ni mmoja tu.

Si haki kumtwika mwalimu lawama hizi. Aliyempa dhima bila ujuzi wala mamlaka ndiye wa kuulizwa, yaani halmashauri, kwa kuwa fedha na mhandisi ni vyake. Ni juu yake kuweka viatu na kofia katika mchanganuo wa gharama kabla ya kutafuta fundi, na kumzuilia fundi malipo ya hatua inayofuata mpaka vibarua wake wametia saini kwamba wamelipwa ya hatua iliyopita. Wakurugenzi watasema hilo litachelewesha kazi. Linahitaji daftari moja la mahudhurio, kama lile ambalo Mkuu wa Shule hulikagua kila asubuhi kwa ajili ya walimu wake.