Utumbo Unaozaliwa Upya na Deni la Shinkolobwe



Zikitajwa seli shina katika mikutano yetu, hakosekani wa kusema: “Hayo ni mambo ya wazungu, tena Kanisa limeyakataza.” Maneno hayo yana makosa mawili, na yote mawili yanatudhuru.

Tuanze na la pili. Seli shina ni seli zenye uwezo wa kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Kila mmoja wetu anazo. Zile zilizomo katika vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo huujenga upya utando wake kila baada ya siku chache. Mwaka 2009, Toshiro Sato na Hans Clevers, huko Uholanzi, walionyesha kwamba seli moja tu ya utumbo wa panya yaweza kukuzwa maabarani hata ikaunda kiutumbo kidogo. Mwaka 2022, madaktari wa Tokyo walichukua seli za mgonjwa mwenye vidonda sugu vya utumbo mpana, wakazikuza, wakazipandikiza penye kidonda chake mwenyewe. Hakuna kiinitete kilichouawa. Hati ya Kanisa Dignitas Personae ya mwaka 2008 inalaani kuangamiza viinitete; seli za mtu mzima, zikitolewa bila kumdhuru, inaziruhusu. Asemaye Kanisa limekataza yote analisingizia.

Je, ni mambo ya wazungu? Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kuunda mabomu yake ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi yetu. Tarehe 6 Agosti 1945, sikukuu ya Kung’ara Bwana, Hiroshima iliteketea. Mionzi iliua seli shina za uboho na za utumbo. Baadhi ya walionusurika na moto wakahara damu, wakafa. Hofu ya mionzi hiyo ikawasukuma wataalamu kuichunguza. Mwaka 1961, huko Toronto, Till na McCulloch, wakiwachunguza panya waliopigwa mionzi, walionyesha kwamba uboho una seli shina za damu.

Basi elimu hii ina jasho la Katanga ndani yake. Hatuwezi kuwa shimo la kuchimbwa wakati wa kuua, kisha tuwe wageni wakati wa kuponya.

Atauliza mtu: watoto wanaokufa kwa kipindupindu wanahitaji seli shina, au maji safi? Maji kwanza, bila shaka. Lakini anayetutaka tuchague kimoja amekwisha kukubali kwamba maskini hastahili vyote viwili.

Vijana, someni biolojia bila hofu. Matibabu haya bado yanajaribiwa. Yeyote anayewauzia leo kama dawa iliyokamilika, mkataeni. Na siku yatakapokamilika, msiyaombe kama sadaka. Yadaini kama haki, kwa ajili ya mgonjwa wa Likasi na wa Hiroshima pia.