Safi Sio Kweli

Kuna neno moja ambalo limefunga midomo ya watu wengi kwenye kazi za ubunifu hapa Nairobi, nalo ni "safi". Tunataka kitu safi. Hii bado haijakaa safi. Ukilisikia kwenye mkutano, jua halihusu sabuni. Linahusu skrini nyeupe, herufi nyembamba zilizonyolewa vijimkia, kitufe kimoja cha buluu, na nafasi tupu kila upande kama sebule iliyopitiwa na madalali. Kila kitu kingine kinaitwa kelele. Nganya ni kelele. Bango la mganga kwenye mlingoti wa stima ni kelele. Kanga ya shosho ni kelele.

Mimi nasema usafi huo tumeuvaa bila kuuliza ulishonwa wapi na ulishonwa kwa kazi gani. Na kwa sababu hatukuuliza, kuna watu wanautumia kutuchomolea doh mfukoni huku tukisifu jinsi mkono wao ulivyo laini.

Ulishonwa Uswisi. Miaka ya 1950, kwenye shule na studio za Zurich na Basel, walikuwepo jamaa kama Josef Müller-Brockmann, Armin Hofmann na Emil Ruder, walimu na wachoraji wa mabango. Nchi yao ina lugha nne za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Hebu fikiria. Unachora tangazo moja, na tangazo hilo linabidi liseme jambo lilelile kwa lugha mbili au tatu, bila lugha moja kuonekana bosi wa wenzake. Hilo ni tatizo la siasa kabla halijawa tatizo la urembo.

Waliokuwa kwenye mazingira hayo wakaishika gridi kwa mikono miwili. Gridi ni mistari isiyoonekana inayogawa karatasi kuwa safu na visanduku, ili kila neno na kila picha iwe na mahali pake. Mistari ya maandishi waliianzisha kushoto kwa usawa, kisha upande wa kulia wakaiacha ikatike popote neno linapoishia, ili nafasi kati ya maneno zisivutwe kama mpira. Walipoanzisha jarida lao, Neue Grafik, mwaka 1958, walilichapisha kwa lugha tatu, Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa, zikitembea pamoja kwenye ukurasa mmoja. Gridi ilikuwa namna ya kuwapa watu wasiofanana viti sawa.

Sasa angalia walichofanya na huo usafi. Mwaka 1953 Müller-Brockmann alitengeneza bango la klabu ya magari ya Uswisi kuhusu usalama barabarani. Pikipiki kubwa, imejaa karibu karatasi nzima, inakuja. Mbele yake, mtoto mdogo anakimbia. Maneno ni machache tu: mlinde mtoto. Mwaka 1960 akafanya lingine dhidi ya kelele za mjini: mwanamke amejikunyata, mkono umeziba sikio, uso umekunjamana. Hakuna maua, hakuna mapambo. Lakini ukisimama mbele ya bango kama hilo husemi "ni safi". Unashtuka. Jamaa aliondoa kila kitu ili kile kinachoweza kukuua kibaki peke yake, kikubwa, usiwe na pa kuangalia pengine.

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Punguza, ili jambo kubwa libaki kubwa. Sisi tumerithi nusu ya kwanza tu. Tunapunguza. Jambo kubwa limeenda wapi, hatuulizi.

Mimi sio dizaina. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na tangu hapo nakula kwa kuandika: leo makala, kesho maneno ya kwenye vitufe. Mimi ndiye huitwa mwisho, skrini zikishachorwa, nije nijaze visanduku. Kwa hiyo naona kitu ambacho msomaji haoni: naona maneno yaliyotolewa.

Mteja mmoja wa mikopo ya simu alinipa skrini zake nizijaze kwa Kiswahili. Kwenye skrini ya kukopa niliandika: "Unakopa 1,000. Utarudisha 1,150 baada ya siku 14." Sentensi mbili ambazo mama mboga anazielewa bila kuacha kukata sukuma. Jibu likarudi kwamba ujumbe ni mzuri, ila unachafua skrini. Kilichobaki ni 1,000, kubwa kama mlango wa duka, na kitufe cha "Pata sasa". Ile 1,150 ilihamishiwa kwenye ukurasa wa masharti, kijivu juu ya nyeupe, mibonyezo mitatu kutoka hapo.

Skrini hiyo ilikuwa safi, bana. Gridi imenyooka. Nafasi inapumua. Ukiipeleka darasani inapata A. Na ni uongo.

Rudi kwenye bango la pikipiki. Kwenye ile skrini, pikipiki ni hiyo 150. Inakuja, imebakisha siku 14, na anayekimbia mbele yake ni wewe. Kwa kanuni ya Zurich, 150 ndiyo ingejaza karatasi. Hawa wetu wamechora mtoto akitabasamu kwenye nafasi nyeupe, kisha pikipiki wakaiweka nyuma ya karatasi. Halafu wanakwambia wamefuata mtindo wa Kiswisi. Walichofuata ni kanzu. Ibada hawakuiona.

Kuanzia mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ina kanuni za wakopeshaji wa kidijitali na inawapa leseni. Ni hatua nzuri, na mkopaji ana haki ya kuelezwa gharama kabla ya kukopa. Lakini kati ya kuandikwa na kuonekana kuna pengo, na pengo hilo kazi yake inafanywa na mtu mwenye kompyuta na ladha nzuri. Riba ikiwa kijivu, imeandikwa. Hajavunja chochote. Amepaka tu rangi.

Na tusidanganyane kwamba tatizo ni Kiswahili chetu kuwa kirefu. Nimeambiwa hivyo mara nyingi. "Nirudishie pesa zangu" haiingii kwenye kitufe, tuache neno la Kizungu. Hesabu herufi: ni 19. Kijerumani, lugha ya nyumbani ya gridi hii, kina neno moja tu la kikomo cha mwendo barabarani, Geschwindigkeitsbegrenzung, lenye herufi 26. Waswisi hawakuwaambia Wajerumani wafupishe lugha. Walijenga ukurasa unaolibeba neno hilo, likae kushoto, liishie linapoishia. Gridi iliyozaliwa kwa ajili ya lugha nyingi imefika kwetu ikiwa kisanduku kinachotosha lugha moja, na lugha ikikataa kuingia tunailaumu lugha.

Kuna wale watakaosema huu mtindo hauna kabila, ni wa dunia nzima, ndiyo maana unafaa kila mahali. Hapo ndipo nacheka. Chukua fonti yenyewe maarufu. Ilitengenezwa mwaka 1957 na Max Miedinger akiwa na Eduard Hoffmann, kwenye kiwanda cha herufi cha Haas karibu na Basel. Ilikuwa inaitwa Neue Haas Grotesk. Mwaka 1960, ili iuzike nje, ikapewa jina jipya: Helvetica. Kwa Kilatini maana yake ni "ya Uswisi". Herufi tunayoambiwa haina kwao imeandikwa kwao kwenye paji la uso. Ni kama mtu anayesema "mimi sina lafudhi", na anayasema kwa lafudhi.

Na hata huko kwao haikuwa imani ya wote. Jan Tschichold, Mjerumani, ndiye aliyeandika kitabu cha uchapaji mpya mwaka 1928, kitabu kilichokuwa kama msahafu kwa vijana wa wakati huo. Mwaka 1933 Wanazi walimkamata, na alipotoka akakimbilia Basel. Huko, miaka ikapita, akabadilika. Mwaka 1946 Max Bill alimshambulia hadharani kwa kuisaliti njia. Tschichold akamjibu kwamba ndani ya ule ukali wa kutaka kila kitu kipangwe kwa amri moja alikuwa ameona kitu kinachofanana na kile alichokimbia. Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza akapanga upya vitabu vya Penguin, kwa herufi za zamani zenye vijimkia vyao. Mwandishi wa sheria mwenyewe alisema sio sheria. Sisi tunaotazama mafunzo ya dakika kumi kwenye simu ndio tumeshika dini kuliko mtume.

Tena, ukienda nayo bila kuuliza, mwisho wake ni sare. Mwaka 2018 kampuni ya nguo ya Burberry ilinyoa nembo yake ikawa herufi nene zisizo na vijimkia, kama nyumba nyingine za mitindo zilivyokuwa zimefanya. Mwaka 2023 wakarudisha herufi zenye vijimkia na yule mpanda farasi wao wa zamani. Miaka mitano ya kulipa watu ili usitofautike na jirani.

Najua kuna wenzangu watasema: sasa jibu ni kurudi kwetu. Halafu unaona wanachukua ile skrini ileile ya mkopo na kuizungushia ukanda wa kitenge. Sasa riba imefichwa kizalendo. Hiyo nayo ni kanzu nyingine.

Ukitaka kujifunza kwa kanga, jifunze muundo wake, sio rangi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo linazunguka nguo nzima, mji uko katikati, na jina, yaani maneno, liko kwenye kisanduku chake karibu na ukingo, mahali pasipobadilika. Ukishika kanga yoyote unajua pa kusoma. Hiyo ni gridi, na fundi wa Pwani hakusubiri mtu wa Zurich amwambie. Imejaa rangi mpaka inawaka, na bado ujumbe haupotei. Mwanamke anaweza kumjibu jirani yake barabarani bila kufungua mdomo, na jirani ataelewa.

Ama chukua nganya. Ubavuni kuna uso wa msanii, taa za zambarau, maneno juu ya maneno. Kelele, sio? Lakini kwenye kioo cha mbele kuna namba ya ruti, kubwa, manake abiria akiikosa, hela imepita. Na nauli? Makanga anaitangaza kwa sauti kabla hujakanyaga ngazi. Mvua ikinyesha inapanda, ndiyo, lakini utaisikia ikipanda. Kwenye lile gari lenye kelele unajua bei kabla ya kuingia. Kwenye ile skrini safi unaijua ukishashuka.

Simaanishi tuchafue kila kitu. Mtu akikimbiza mtoto hospitali usiku, anataka kibao kimoja, mshale mmoja, neno moja linalosomeka kwa mbali. Hapo Waswisi ni ndugu zetu, na kazi yao ni heshima kwa binadamu mwenye haraka. Ugomvi wangu sio na nafasi nyeupe. Ni na wanaouza nafasi nyeupe kama ushahidi wa uaminifu. Ukurasa mtupu unaweza kuwa umetupwa vitu visivyo na maana. Unaweza pia kuwa umetupwa ukweli. Kwa macho tu, hiyo miwili inafanana.

Kwa hiyo kuna swali moja la kuuliza, na halihitaji digrii. Kwenye hii skrini, hili bango, hii fomu, kitu kitakachoniumiza nikikikosa kimeandikwa kwa ukubwa gani? Kama ni tarehe ya mwisho, iko wapi? Kama ni bei, ni kubwa kuliko nembo au ni ndogo kuliko vumbi? Muulize dizaina. Muulize klaienti. Muulize yule bosi anayesema "punguza, punguza", anapunguza nini na kwa faida ya nani.

Wakikujibu kwamba hilo swali linachafua mkutano, uliza tena, na mara hii kwa sauti ya makanga.